Kusoma Uzamili wa Maendeleo ukiwa Nyanda za Juu Kusini: Mwongozo Kamili

Iringa, Njombe na Rukwa ni ghala la chakula la nchi hii. Hata hivyo Utafiti wa Kitaifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulikuta watoto wenye udumavu ni takribani asilimia 57 Iringa, na takribani nusu ya watoto Njombe na Rukwa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Shamba limejaa, mtoto amedumaa. Swali la namna hiyo ndilo kiini cha taaluma ya maendeleo, na anayeishi Mufindi, Makete au Mbozi analiona kila siku kabla hajalisoma kitabuni.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya afisa maendeleo ya jamii wa kata, mwalimu, mfanyakazi wa shirika lisilo la kiserikali au mhitimu aliyeko mikoa ya Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe, Ruvuma au Rukwa, anayetaka shahada ya uzamili katika maendeleo ya jamii au maendeleo ya kimataifa. Jambo tunalolisisitiza tangu mwanzo hadi mwisho ni moja: anza na swali unalolijua kutoka mahali unapofanya kazi, kisha tafuta chuo na fedha vinavyolifaa. Wengi hufanya kinyume. Wanaona tangazo la ufadhili kwenye kundi la WhatsApp, wanaomba kwa haraka, na maombi yao yanafanana na ya maelfu ya wengine.

Miezi 18 kabla ya kuanza masomo: andika swali lako

Chukua karatasi, andika tatizo moja unaloliona kazini kwa sentensi tatu: linawapata akina nani, wapi, na nini kimeshajaribiwa kikashindikana. Usiandike "umaskini vijijini", maana hilo ni pana mno kwa mtu mmoja. Andika kitu chenye mipaka. Kwa mfano: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kwa nini baadhi ya vikundi hurejesha hadi shilingi ya mwisho na vingine huvunjika baada ya marejesho mawili? Hilo ni swali la uzamili.

Mikoa hii ina maswali mengi ya kweli. Parachichi Njombe na Rungwe: nani ananufaika, mwenye shamba au dalali? Bonde la Usangu: wakulima wa mpunga Mbarali, wafugaji, na mpaka wa Hifadhi ya Ruaha uliopanuliwa mwaka 2008. Mpango wa SAGCOT wa kukuza kilimo katika ukanda wa kusini, ulioanza 2010. Walengwa wa TASAF wanaohitimu na kutoka kwenye mpango. Misitu ya kupandwa Mufindi na ardhi ya vijiji chini ya Sheria Na. 5 ya 1999. Virusi vya Ukimwi Njombe, mkoa ambao utafiti wa 2022-2023 uliukuta na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini.

Jua fani unayoiomba

Majina ya programu hufanana na kuwachanganya waombaji, na kosa hapa hugharimu miaka miwili. Taaluma za Maendeleo huchimba nadharia, sera, uchumi wa siasa na historia. Humfaa anayetaka kufundisha, kutafiti au kushauri sera. Maendeleo ya Jamii hukaa karibu na vikundi, ushirikishwaji na uhamasishaji; ndiyo inayoendana moja kwa moja na kada ya maafisa maendeleo ya jamii. Usimamizi wa Miradi, au Ufuatiliaji na Tathmini, hufundisha mpangokazi, bajeti na viashiria; mashirika huajiri sana kutoka humo. Maendeleo Vijijini huchanganya kilimo, ardhi na kaya. Maendeleo ya Kimataifa huongeza misaada, madeni, biashara na uhamiaji.

Kama uko serikalini, soma kwanza muundo wa utumishi wa kada yako. Wapo waliorudi na shahada nzuri ambayo mwajiri hakuweza kuitumia kuwapandisha daraja kwa kuwa haikutajwa kwenye muundo. Muulize afisa utumishi wa halmashauri, na uombe akuonyeshe kipengele chenyewe.

Pima sifa zako bila kujidanganya

Kwa vyuo vya Tanzania, kiwango cha kawaida cha kuingia uzamili ni shahada ya kwanza yenye GPA ya 2.7 au zaidi katika kipimo cha 5, yaani daraja la pili la chini. Aliye chini ya hapo hupitia stashahada ya uzamili kwanza. Hiyo ni njia halali na haina aibu yoyote: mwaka mmoja wa kusoma kwa bidii hufungua mlango uliokuwa umefungwa.

Nje ya nchi, GPA ya 3.5 ndiyo mstari mkubwa. Kuanzia hapo una daraja la pili la juu, ambalo fadhili kadhaa za Jumuiya ya Madola zinalidai wazi. Mwenye 3.2 asikate tamaa, lakini asipoteze nguvu kwa ufadhili unaotaja daraja la pili la juu kama sharti. Aelekeze nguvu panapopimwa uzoefu wa kazi.

Nyumbani au nje?

Swali hili huamuliwa na familia, mshahara na aina ya swali lako kuliko hadhi ya chuo.

Ukibaki nchini, kwa masomo ya uzamili unaomba moja kwa moja chuoni, na wengi huanza Oktoba au Novemba. Chuo Kikuu cha Iringa, chenye mizizi katika KKKT tangu 1993, kimekuwa kikifundisha maendeleo ya jamii na usimamizi wa miradi. Ndaki ya Mzumbe jijini Mbeya ina uzamili wa utawala na biashara, unaowafaa walioko kwenye menejimenti ya halmashauri. Chuo Kikuu Huria kina vituo vya mikoa, na programu zake ikiwemo ile ya maendeleo ya uchumi wa jamii zimewabeba watumishi wengi wasioweza kuacha kituo cha kazi. Mbali kidogo kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro kwa maendeleo vijijini, Chuo cha Mipango Dodoma, Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, na Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoanzishwa 1973.

Kabla hujalipa hata shilingi ya fomu, ingia tovuti ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) uangalie mambo mawili: chuo kina ithibati, na *programu yenyewe* imeidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa halali huku programu moja ikiwa bado haijapita. Uliza pia kwa ofisi ya uzamili: programu ina wahadhiri wangapi wenye uzamivu katika fani hiyo, na waliodahiliwa miaka mitatu iliyopita wamehitimu wangapi? Jibu la swali la pili litakueleza mengi kuliko kipeperushi.

Kwa waliozoea kusafiri umbali mrefu kwenda masomo ya wikendi: nauli na malazi ya kila wiki mbili, ukijumlisha kwa mihula yote, huweza kukaribia ada yenyewe. Piga hesabu hiyo mapema.

Nje, vyuo vinavyojulikana zaidi katika fani hii ni IDS iliyoko Sussex, Uingereza, iliyoanzishwa 1966. Taasisi ya Maendeleo ya Dunia ya Manchester. ISS ya The Hague, Uholanzi, ambayo imefundisha tangu 1952. Na IOB ya Antwerp, Ubelgiji, yenye programu za mwaka mmoja. Uingereza uzamili ni mwaka mmoja wenye kasi kubwa: masomo mihula miwili, tasnifu kiangazi. Mtu aliyekaa miaka sita bila kuandika insha ya kitaaluma ajiandae, kwa sababu insha ndefu huanza kudaiwa katika muhula wa kwanza.

Miezi 15 kabla: karatasi

Hapa ndipo maombi mengi kutoka mikoani hufia.

Majina. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, transkripti, kitambulisho cha NIDA na pasipoti vyote visome jina moja, kwa herufi zilezile. Tofauti ndogo kama "Atupele" na "Atupelye", au jina la babu lililopo kwenye cheti kimoja na kukosekana kwenye kingine, huzuia udahili na viza. Tofauti ndogo hutibiwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Ya jina zima hudai hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Anza hili kabla ya pasipoti, la sivyo utalipia pasipoti mara mbili.

Pasipoti. Maombi hufanyika mtandaoni kwenye mfumo wa Uhamiaji, kisha unafika ofisi ya mkoa kwa alama za vidole na picha. Ada ya pasipoti ya kawaida ya kielektroniki imekuwa shilingi 150,000 tangu mfumo huo uanze mwaka 2018.

Transkripti. Omba nakala rasmi zisizopungua tatu kwa mkupuo mmoja. Baadhi ya vyuo vya nje hutaka bahasha iliyofungwa na kugongwa muhuri na chuo chako. Ukiifungua tu, imekufa. Skani vyeti vyote kwa mashine, usipige picha kwa simu, na kila faili liwe PDF lenye ukubwa chini ya megabaiti 2. Lipe jina linaloeleweka.

Kiingereza. Vyuo vingi vya nje hudai alama 6.5 kwa ujumla katika mtihani wa Kiingereza wa IELTS, bila kipengele chini ya 6.0. Matokeo hudumu miaka miwili. Vyuo vingine hukubali barua ya chuo chako kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo waandikie kwanza na uombe jibu la maandishi kabla ya kugharamia safari ya Dar es Salaam. Kinachowaangusha watu wetu katika IELTS ni uandishi. Kwa wiki nane fanya insha mbili kila wiki, dakika 40 kwa saa mkononi, umpe mtu azisahihishe.

Wadhamini. Unahitaji wawili: mhadhiri aliyekufundisha na msimamizi wako wa kazi. Mifumo ya vyuo vya nje humtumia mdhamini kiungo kwa barua pepe ya kikazi, na mingi hukataa Gmail na Yahoo. Hapa mkurugenzi au mkuu wa idara mwenye anwani ya .go.tz asiyoifungua kamwe atakukwamisha. Nenda ofisini kwake wiki sita kabla, hakikisha anwani inafanya kazi, na umwachie ukurasa mmoja wenye jina la programu, tarehe ya mwisho, na mambo matatu uliyofanya chini yake, yenye tarehe na idadi. Barua inayosema "ni mchapakazi na mwaminifu" haina uzito wowote. Inayosema "alisimamia usajili wa vikundi 42 na kuandaa daftari la marejesho linalotumika hadi leo" ina uzito.

Ruhusa ya mwajiri

Mtumishi wa umma athibitishwe kazini kwanza, baada ya miezi 12 ya majaribio. Kisha jina lake liingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, ambao hupangwa sambamba na bajeti. Ukikosa mzunguko huo, unasubiri mwaka. Barua ya udahili ikifika, omba ruhusa kwa maandishi kupitia mkuu wa idara. Usiondoke kwa ahadi ya mdomo. Kutoonekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa ni kosa linaloweza kukufukuzisha kazi, na hakuna shahada inayofuta hilo.

Fedha: kalenda ya ufadhili

Mikopo ya Bodi imejengwa hasa kwa ajili ya shahada ya kwanza, kwa hiyo anayesoma nchini ajipange kwa mshahara, SACCOS, mwajiri au mradi wa utafiti wa mhadhiri. Njia hiyo ya mwisho husahaulika: wahadhiri wenye miradi yenye fedha za nje mara nyingi huwa na nafasi za wanafunzi wa uzamili. Waandikie wakiwa bado wanaanza mradi, ukieleza swali lako kwa aya moja.

Kwenye bajeti usiweke ada peke yake. Kuna ada ya TCU ya uhakiki wa ubora, bima ya afya, uchapaji na ufungaji wa tasnifu, na kazi ya uwandani, ambayo ndiyo humeza fedha. Wanaokwama mwaka wa pili, wengi wao wamekwama kwa fedha za uwandani.

Kwa nje, misimu ni hii. Agosti hadi Oktoba hufunguliwa Chevening ya Uingereza. Inadai saa 2,800 za kazi, sawa na takribani miaka miwili, unachagua kozi tatu, na ukihitimu unarudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Katika kipindi hichohicho kozi nyingi za Ujerumani zilizo chini ya mpango wa maendeleo wa DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, hupokea maombi: zinataka uzoefu wa miaka miwili, na kwa kawaida shahada isiyozidi miaka sita tangu uipate. Maombi hayo hupelekwa kwenye kozi yenyewe. Kuanzia Oktoba hadi Januari ni zamu ya Erasmus Mundus, inayotoa euro 1,400 kwa mwezi na haidai uzoefu wa kazi. Vijana waliomaliza karibuni waitazame hii. Sweden hufunga udahili katikati ya Januari, na ada ya maombi ni krona 900. Fadhili za VLIR-UOS za Ubelgiji na zile za Jumuiya ya Madola huangukia miezi hiyo ya mwisho na mwanzo wa mwaka. Jumuiya ya Madola ina pia ufadhili wa masomo ya masafa, ambao humwezesha mama mwenye watoto wadogo Tukuyu kusoma chuo cha Uingereza akiwa nyumbani kwake. Hatuelewi kwa nini haujulikani zaidi.

Tarehe na orodha ya nchi hubadilika, kwa hiyo thibitisha kwenye tovuti rasmi ya ufadhili mwenyewe. Kuomba Chevening, Erasmus Mundus au DAAD ni bure. Anayekuomba "ada ya kushughulikia" fomu hizo ni tapeli, hata kama ana ofisi yenye bango.

Omba fadhili tatu au nne kwa umakini. Kumi kwa haraka hazisaidii.

Maelezo binafsi: mahali unapopimwa

Insha hii huwa na maneno kati ya 500 na 1,000, kwa Kiingereza, lakini iwaze kwanza kwa Kiswahili ili ijue inachosema. Linganisha mianzo hii miwili ya mfano.

Wa kwanza: "Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya kuisaidia jamii yangu na kuleta maendeleo."

Wa pili: "Katika kata ninayoihudumia, vikundi saba vya wanawake vilipata mkopo wa halmashauri. Vinne vilirejesha. Vitatu vilivyoshindwa vilikopa Novemba, msimu wa kupanda, na marejesho yakaanza Februari, mwezi ambao kaya hununua chakula. Mkataba wetu hauijui kalenda ya mkulima. Nataka kujifunza namna ya kupima jambo hili na kuishauri halmashauri kwa ushahidi."

Msomaji wa kamati anaweza kuusahau wa kwanza kabla hajamaliza mstari. Wa pili una mahali, idadi, chanzo na haja ya kusoma. Haujigambi, na umekiri kasoro ya mfumo bila kumlaumu mtu.

Aya zinazofuata zijibu maswali haya kwa mpangilio: umejaribu nini wewe mwenyewe, unakosa ujuzi gani, ni masomo gani hasa ya programu hiyo, yataje kwa majina, yatakayokupa ujuzi huo, na ukirudi utakaa kwenye kiti gani. "Nitaanzisha shirika langu" ni jibu dhaifu kama huna hata kikundi kimoja ulichokianzisha. Usinakili insha ya aliyefaulu mwaka jana. Kamati huona mfanano, na mifumo ya kukagua wizi wa maandishi ipo.

Baada ya kukubaliwa nje

Kwa Uingereza, anayekwenda zaidi ya miezi sita hupima kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa Dar es Salaam, na cheti hudumu miezi sita. Fanya kipimo na alama za vidole za viza kwenye safari moja ikiwezekana, cheti kikitangulia. Anayejilipia lazima fedha zikae benki siku 28 mfululizo. Salio likishuka hata siku moja, hesabu inaanza upya. Angalia pia kwa TCU kama chuo unachokwenda kinatambulika, uweke nakala ya jibu.

Tasnifu: kalenda ya mvua ndiyo bosi

Wanaosoma nchini na wale wa nje wanaorudi kukusanya data hukutana hapa. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na Kyela na Rungwe huongeza. Mwanafunzi aliyeanza Oktoba humaliza masomo ya darasani kati ya Juni na Agosti. Akichelewa kutetea andiko lake la utafiti kwa wiki sita tu, anaingia uwandani Novemba: barabara za Makete na Ludewa zimeharibika, na watu wako mashambani tangu alfajiri. Wanaochelewa mwaka mzima huanzia hapa. Anza kuandika andiko muhula wa pili, ukiwa bado darasani, ili Julai hadi Septemba uwe kijijini.

Msimu hubadilisha pia majibu. Uliza kuhusu uhaba wa chakula Julai, mahindi yakiwa ndani, utaambiwa hakuna shida. Uliza Februari, utasikia mengine. Utafiti wa lishe au kipato ama ukusanywe mara mbili, ama uulize waziwazi mwezi kwa mwezi kwa kalenda ya msimu inayochorwa na wanakikundi wenyewe.

Vibali hufuata ngazi: barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya na mkurugenzi wa halmashauri, kisha mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji, ambaye ataandika au kugonga muhuri kwenye barua yako kabla mwenyekiti wa kitongoji hajakupeleka kwenye kaya. Tenga wiki mbili hadi tatu. Kuruka ngazi moja ili kuokoa siku kutakurudisha mkoani. Utafiti unaogusa afya za watu unahitaji kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) au kamati inayotambulika, na hicho huchukua miezi, kwa hiyo kiombe mapema.

Sampuli. Wengi hutumia kanuni ya Yamane: gawanya idadi ya kaya kwa moja ukijumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa unalokubali. Kata yenye kaya 1,200, kwa kosa la 0.05: 1,200 mara 0.0025 ni 3; jumlisha 1 upate 4; 1,200 gawanya kwa 4 ni kaya 300. Ukichagua kosa la 0.1 unapata kaya 92 tu, na ndiyo sababu wanafunzi hulipenda. Linakubalika kwa uzamili, mradi usidai tofauti ndogo kati ya makundi madogo. Kaya 92 ukizigawa kwa vijiji vitatu na jinsia mbili, kila kundi lina kaya kama 15, na takwimu hazitasema kitu. Ongeza asilimia 10 kwa watakaokosekana. Chukua majina kwenye rejista ya kijiji, lakini ihakiki na wenyeviti wa vitongoji kwanza, kwa sababu waliohama na waliofariki mara nyingi bado wamo.

Dodoso liandikwe kwa Kiswahili cha watu, kisha mtu mwingine alirudishe kwenye Kiingereza ili uone kama maana imebaki. Lijaribu kwa kaya 15 hadi 20 katika kijiji kisicho kwenye utafiti. Swali lisilojibika litajionyesha hapo. "Kipato chako kwa mwezi ni kiasi gani?" halina maana kwa mkulima, uliza magunia aliyovuna, aliyouza, bei, na fedha ya vibarua. Wazee, hasa akina mama, watakueleza zaidi kwa Kihehe, Kibena, Kinyakyusa, Kisafwa au Kinyiha. Mkalimani asiwe mtendaji wala mtoto wa mwenyekiti, la sivyo hakuna atakayesema mkopo uliliwa na nani.

KoboToolbox, programu ya kukusanya data, hufanya kazi kwenye simu bila mtandao, unapakia data jioni ukifika penye mtandao. Beba pawabenki. Kila jioni pitia majibu ya siku hiyo: ukikuta kaya tano mfululizo zina jibu lilelile la kila swali, mdadisi wako amejaza akiwa amekaa chini ya mti. Ukiligundua siku ya pili unarekebisha. Ukiligundua Dar es Salaam, sura ya nne, yaani ya matokeo, imeharibika.

Usiwaahidi watu chochote. Waeleze mwanzoni kwamba utafiti huu hauleti mradi wala orodha ya TASAF, na upate ridhaa yao baada ya hapo. Itapunguza hamasa ya wachache, lakini utapata majibu ya kweli, na mwanafunzi atakayekuja baada yako atapokelewa.

Msimamizi na kumaliza

Kubalianeni tarehe: andiko, sura tatu za kwanza, data, rasimu. Mtumie sura moja moja ikiwa na maswali yako mawili juu yake, na baada ya kila kikao mwandikie barua pepe fupi ya mlichokubaliana. Wiki tatu zikipita bila jibu, nenda ofisini kwake kwa heshima; kimya chako hakitamkumbusha. Sura ya nne isijae majedwali ya umri na jinsia. Nenda moja kwa moja kwenye jibu la swali lako.

Tasnifu ikipita, tengeneza muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili. Nakala moja kwa Katibu Tawala, moja kwa mkurugenzi, moja kwa kila kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria hufanyika kila miezi mitatu, na mtendaji akipewa taarifa wiki mbili mapema anaweza kukuwekea dakika 20 kwenye ajenda. Uliyesoma nje, peleka vyeti TCU kwa utambuzi mara tu urudipo, kabla hujaomba kubadilishiwa kada au mshahara, maana afisa utumishi ataanza kwa kukuuliza barua hiyo.